Nani Aliwaahidi Kwamba Vikwazo Vitawatoa Warusi Barabarani?

Tangu Januari 1, 2026 Mrusi akiingia dukani kununua koti au simu anakatwa VAT ya asilimia 22, kabla ya hapo ilikuwa 20. Wizara yao ya fedha wala haikuzunguka, ilipopeleka pendekezo hilo Septemba 2025 ilisema wazi pesa inayotafutwa ni ya ulinzi na usalama, yaani vita ya Ukraine, ingawa kule kuiita vita kumeshawafikisha watu jela. Habari ilivyotoka tu watu wakagawana pande kama ilivyo ada. Hawa wanasema haya sasa, vikwazo vya nchi za Magharibi vimekolea, jamaa kaishiwa, bado kidogo wananchi waingie barabarani. Wale wanawacheka, wanasema huu wimbo tumeusikia tangu 2022, makombora yanaendelea kuruka na Kremlin iko palepale, vikwazo ni kelele za mlango tu na mwenye nyumba kalala fofofo. Mi nikiwasikiliza naona wanabishana kama maadui lakini wazo lao ni moja, wote wanaamini kazi ya vikwazo ni kuwaudhi raia mpaka wamgeukie mtawala wao. Wanachopishana ni tarehe tu, huyu anasema kesho, yule anasema haitafika.

Hilo wazo ndo bovu lenyewe. Vikwazo dhidi ya nchi iliyovamia nchi nyingine ni ushuru. Kila risasi, kila chipu, kila pipa la mafuta linalouzwa kwa kuzunguka kona tatu, mvamizi anatozwa kitu juu yake, leo kidogo kesho zaidi. Ushuru hausimamishi gari, unafanya safari iwe ghali, na anayeulipa anaweza kuendelea na safari muda mrefu sana kama mfuko wake ni mnene na abiria wake hawaruhusiwi kuuliza. Kwa hiyo ukipima vikwazo kwa kuangalia kama Warusi wameandamana utaona vimefeli, na ukipima kwa kuangalia ruble imepanda au imeshuka utabadili msimamo kila miezi mitatu. Kipimo chake ni kingine kabisa: vita inamgharimu nini mwenye vita, na anachota kwenye mtungi gani.

Tukumbushane kwanza hii imani ya kuanguka haraka ilitoka wapi, maana watu wa kawaida hawakuiokota barabarani. Februari 24, 2022 majeshi yaliingia Ukraine, na siku chache tu baadaye, Machi 1, waziri wa fedha wa Ufaransa wakati huo, Bruno Le Maire, akasema redioni wataiporomosha uchumi wa Urusi. Mwisho wa mwezi huohuo Biden akiwa Warsaw akasema ruble imegeuka kifusi. Na kweli kwa wiki mbili tatu ilionekana hivo. Akiba ya benki kuu ya Urusi ya karibu dola bilioni 300 iliyokuwa nje ilizuiwa, benki kadhaa zikatolewa SWIFT, ule mtandao wa benki za dunia kutumiana maagizo ya malipo, Visa na Mastercard wakafunga virago, soko la hisa la Moscow likafungwa karibu mwezi mzima, dola moja ikavuka ruble 120. Mlango wa IKEA, lile duka la samani la Uswidi, watu walijipanga foleni siku ya mwisho, mikokoteni imejaa mito, sahani na rafu za kufunga ukutani, kama vile kuna mafuriko yanakuja. Picha zile zilizunguka dunia nzima na kila mtu akajua mwisho umefika.

Halafu mwezi Juni dola ikawa ruble hamsini na kitu, nafuu kuliko kabla ya vita! Hapo ndo wengi waliruka upande wa pili, wakasema mnaona, vikwazo vimemwongezea nguvu. Hapana bwana. Kilichotokea hakikuwa muujiza, kilikuwa kazi ya fundi. Elvira Nabiullina, gavana wa benki kuu yao, alipandisha riba kutoka asilimia 9.5 mpaka 20 kwa siku moja, wauzaji wa nje wakaamriwa kugeuza asilimia 80 ya dola zao ziwe ruble, na raia mwenye akaunti ya dola akaambiwa atatoa taslimu dola 10,000 tu basi. Sarafu ambayo watu hawaruhusiwi kuikimbia itapanda tu, hasa kama bidhaa za kununua nje nazo zimekatika. Ile ruble ya Juni ilikuwa kama mgonjwa aliyefungwa kitandani halafu ukasifia kwamba hatangitangi.

Ila kuna sababu kubwa kuliko Nabiullina na ndo ninayoona haisemwi vya kutosha: mafuta yaliachwa nje. Ulaya ilizuia mafuta ghafi ya Urusi yanayokuja kwa meli Desemba 5, 2022, yaani miezi tisa na zaidi baada ya uvamizi, na yaliyosafishwa Februari 2023. Miezi yote hiyo bei ilikuwa juu kwa sababu ya vita yenyewe, na Urusi ikauza kwa bei hiyo ya vita, mwaka ule ikaingiza kutoka nje zaidi ya dola bilioni 200 juu ya ilizotoa. Fikiria, unamfungia mtu akaunti ya akiba huku unaendelea kumlipa mshahara tena umemwongezea. Gesi ndo usiseme, mwaka 2021 karibu asilimia 45 ya gesi iliyoingizwa Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kumwambia mpiga kura wake kwamba baridi hii atavaa makoti mawili sebuleni. Kwa hiyo anayesema vikwazo vya kutisha kuliko vyote duniani vilishindwa 2022, namuuliza, vipi hivo? Vilivyowekwa 2022 vilikuwa na tundu la ukubwa wa meli ya mafuta.

Na siyo mara ya kwanza. Oktoba 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia, na Umoja wa Mataifa wa enzi zile, ule wa Geneva, ukakubaliana vikwazo vilivyoanza Novemba 18. Zaidi ya nchi hamsini ziliunga mkono, waliita jambo la kihistoria. Silaha zilizuiwa, mikopo ilizuiwa, bidhaa za Italia hazikununuliwa. Mafuta hayakuguswa. Mfereji wa Suez, ambao kila askari na kila pipa la Italia lilipitia hapo, haukufungwa. Mei 5, 1936 Waitaliano wakaingia Addis Ababa, na Julai vikwazo vikaondolewa. Haile Selassie alikuja Geneva mwenyewe mwishoni mwa Juni kuwaambia uso kwa uso, wakamsikiliza, wakapiga kura ya kuviondoa.

Lakini Ethiopia ile ina funzo jingine, na hili linahusu raia wa nchi mvamizi. Desemba 18, 1935, mwezi mmoja kamili tangu vikwazo vianze, Mussolini aliitisha siku ya kuchangia dhahabu. Malkia Elena alipanda ngazi za mnara mkubwa wa Roma, penye kaburi la askari asiyejulikana, akaweka pete yake ya ndoa. Nyuma yake wakapanga mstari wanawake wa kila aina, wajane wa vita ya kwanza, mama wa nyumbani, kila mmoja anavua pete kidoleni anaidondosha na kupewa pete ya chuma badala yake. Sasa nenda kamwambie mwanamke yule kwamba vikwazo vimewekwa ili achukie serikali yake. Ametoka pale na chuma kidoleni, na kila akiosha vyombo anakiona, na kila akikiona anakumbuka kwamba dunia nzima imewasusa. Propaganda hakuilipia hata senti, adui ndo kamletea.

Ndo maana zile takwimu za Urusi hazikunishangaza. Levada, shirika la kura za maoni ambalo serikali yenyewe imelibandika jina la wakala wa kigeni, lilionyesha wanaomkubali Putin ni asilimia 69 Januari 2022, ilipofika Machi wakawa 83. Kuna wanaosema ni uongo mtupu, watu wanaogopa kujibu. Woga upo, nani atakataa, lakini woga ulikuwepo Januari pia. Sehemu ya ongezeko lile ni ile hali ya watu kujikusanya wakihisi wametengwa, na sehemu ni hesabu ya mtu anayejua jibu gani ni salama, na mara nyingi vyote viwili viko ndani ya kichwa kimoja, hata mwenyewe hawezi kukutenganishia. Mtu akiulizwa kwa simu na sauti asiyoijua kama anaunga mkono jeshi la nchi yake, unategemea aanze kujieleza?

Na wapo waliojaribu, tusiwafute. Wiki za mwanzo watu waliingia barabarani kweli, shirika la OVD-Info lilihesabu zaidi ya 14,000 waliokamatwa kufikia katikati ya Machi 2022. Machi 4 ikapitishwa sheria ya kumfunga mpaka miaka 15 anayesambaza kinachoitwa habari za uongo kuhusu jeshi. Alexei Gorinov, diwani wa Moscow, alikuwa kwenye kikao cha kawaida kabisa cha kata, ajenda ikiwa mashindano ya watoto ya kuchora, akasema haifai kufanya sherehe hizo wakati watoto wanakufa Ukraine. Julai 2022 akapigwa miaka saba. Miaka saba kwa sentensi ya kwenye kikao cha michoro! Anayekaa mbali akaandika kwamba Warusi ni waoga ajiulize yeye angeongea mpaka sentensi ya ngapi. Kwa hiyo hoja ya kwamba bei ya sukari ikipanda watu watainuka inasahau kwamba hasira peke yake haitoshi, lazima kuwe na njia ya kupitisha hiyo hasira, na njia zote zilishazibwa kabla vikwazo havijaanza kuuma.

Unajua nini kiliwatikisa? Siyo IKEA, siyo McDonald's iliyogeuzwa jina na kufunguliwa tena Juni 12, baga zilezile. Ni Septemba 21, 2022, Putin alipotangaza kuwaita askari wa akiba 300,000. Ndani ya siku chache kivuko cha Verkhny Lars cha kwenda Georgia kilikuwa na msururu wa magari wa kilomita na kilomita, na kwa kuwa kuvuka kwa miguu kulikuwa hakuruhusiwi vijana wakawa wanatafuta baiskeli na vile viskuta vya kusukuma kwa mguu, ilimradi kiwe na magurudumu, mwanaume mzima na begi mgongoni anasukuma kiskuta mlimani. Kazakhstan ilisema zaidi ya watu 200,000 waliingia kwake ndani ya wiki mbili. Kura ya Levada nayo ikateremka kutoka 83 mpaka 77. Yaani ukimgusa mtu mfukoni ananung'unika, ukimgusa mwanae ndo anaamka, na hata akiamka anachokimbilia ni mpaka, siyo ikulu.

Kremlin ililielewa hilo upesi kuliko wachambuzi. Haikurudia kuwaita watu kwa nguvu kwa ukubwa ule, ikageukia pesa. Julai 2024 jiji la Moscow lilikuwa linampa anayesaini mkataba wa jeshi ruble milioni 1.9 papo hapo, kabla hajavaa hata buti. Kwa familia ya mkoa wa mbali, Tuva au Buryatia, ambako kazi za maana hakuna, hiyo ni pesa ambayo baba hakuiona maisha yake yote. Sasa hapa vita imegeuka ajira, na wenye ajira hawaandamani dhidi ya mwajiri. Lakini angalia upande wa pili wa hesabu hiyo, kila askari ananunuliwa, na bei yake inapanda, na pesa ya kumnunulia inatoka kwenye mtungi uleule ambao vikwazo vinautoboa. Hapo ndo vikwazo na raia vinapokutana, kwenye daftari la malipo, barabarani hakuna mtu.

Haya, tuwape haki yao wanaosema vimefeli, maana wana hoja nzito. IMF ilitabiri Aprili 2022 kwamba uchumi wa Urusi utasinyaa kwa asilimia 8.5 mwaka ule, ukasinyaa kwa asilimia 2 au pungufu, halafu 2023 na 2024 ukakua kwa zaidi ya asilimia 3 kila mwaka, Ujerumani ikiwa imedumaa. India, ambayo kabla ya vita ilichukua Urusi chini ya asilimia 2 ya mafuta ghafi yake, ilivuka asilimia 30, tena mengine ikawa inayasafisha na kuwauzia dizeli hao hao Wazungu waliogoma. Chipu za Magharibi zinaokotwa kwenye mabaki ya makombora ndani ya Ukraine, zimepita Hong Kong, Uturuki, Emirates. Mauzo ya Ujerumani kwenda Kyrgyzstan yaliruka mara kadhaa baada ya 2022, na hakuna anayeamini Wakyrgyz waliamka siku moja wote wakataka vipuri vya magari ya Kijerumani. Yote hayo kweli, siyapingi hata moja. Kinachothibitishwa hapo ni kwamba dalali hajawahi kulala njaa wakati wa vikwazo. Kwamba ushuru haulipwi, hapana, kwa sababu dalali hafanyi bure, na chipu iliyopita nchi tatu inafika na bei ya nchi tatu.

Chukua mafuta yenyewe. Kikomo cha bei cha dola 60 kwa pipa ambacho nchi za Magharibi ziliyawekea mafuta ya Urusi Desemba 2022 kilisimamiwa kupitia bima, kwa sababu kampuni za bima zilizounganishwa London na kwingineko Magharibi ndo zinabeba karibu asilimia 90 ya tani za meli za dunia, na ziliambiwa zisiguse shehena inayouzwa juu ya hapo. Urusi ikafanya nini? Ikakusanya meli kuukuu, ambazo zilikuwa zinasubiri kukatwa chuma chakavu, zikabadilishiwa bendera na wenyewe wakafichwa nyuma ya kampuni za sanduku la posta. Mabilioni yalienda kununua yale makopo. Krismasi ya 2024 Finland iliikamata moja, Eagle S yenye bendera ya Cook Islands, ikishukiwa kukokota nanga na kukata kebo ya umeme ya Estlink 2 chini ya bahari. Huo ndo usafiri wa taifa lenye nguvu za nyuklia siku hizi! Na mafuta yakifika bado yanauzwa kwa punguzo, na India ililipa sehemu kwa rupia, mpaka Lavrov mwenyewe, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, akiwa Goa kule India Mei 2023 akakiri wana mabilioni ya rupia kwenye benki za India na hawana pa kuyatumia. Umeuza, umelipwa, na pesa haitoki. Sijui kama kuna muuzaji anaiita hiyo biashara nzuri.

Sasa kuna hoja moja ambayo naona ni dhaifu kuliko zote na ndo inayopigiwa makofi zaidi, kwamba vikwazo vimeijenga Urusi, vimeifundisha kujitegemea, na ushahidi ni ule ukuaji wa 2023 na 2024. Hebu tuitazame taratibu. Pato la taifa linahesabu kilichotengenezwa, halijali kimeenda wapi. Kifaru kikitoka kiwandani Urals kinahesabiwa, wiki ijayo kinaungua Donetsk, hakihesabiwi popote, halafu kinatengenezwa kingine kinahesabiwa tena. Kwa mtindo huo ukibomoa ukuta wako kila jioni na kulipa fundi aujenge kila asubuhi, uchumi wa nyumba yako utakuwa unapaa na huna pa kulala. Ajira nayo eti imefika kilele, wasio na kazi wako asilimia 2 na kitu. Ni kweli, kwa sababu mamia ya maelfu wako mstari wa mbele au walikimbia nchi, na viwanda vya silaha vinawagombania waliobaki. Na huko kujitegemea, walipoondoka Renault wakaacha hisa zao za AvtoVAZ, watengenezaji wa magari ya Lada, kwa ruble moja inayosemwa ni ya kishika mkono, gari la kwanza kutoka pale Juni 2022 lilikuwa Lada Granta isiyo na mifuko ya hewa wala breki za ABS. Mpya kabisa, ina harufu ya plastiki mpya, ukigonga mti kifua chako ndo kinapokea usukani. Baadaye walirudishia vitu hivyo kwa kuagiza, na barabara zao zikajaa magari ya Kichina. Kuhama kutoka duka la Mjerumani kwenda duka la Mchina sidhani kama kunaitwa kujitegemea.

Bili yenyewe ilianza kusomeka kwenye makaratasi yao wenyewe, huna haja ya kumsikiliza mtu wa Brussels. Gazprom, kampuni ambayo miaka yote ilikuwa mkoba wa serikali, ilitangaza hasara ya ruble bilioni 629 mwaka 2023, hasara ya kwanza ya mwaka tangu 1999. Mfuko wao wa taifa wa akiba, ile sehemu inayoweza kutumika mara moja, ulikuwa na zaidi ya dola bilioni 100 kabla ya vita, mwanzoni mwa 2025 ulikuwa chini ya 40. Riba ilipanda mpaka asilimia 21 Oktoba 2024 na ikakaa hapo miezi, mfanyabiashara wa kawaida akope vipi kwa hiyo riba. Oktoba 2025 Marekani ikawawekea vikwazo Rosneft na Lukoil, kampuni mbili kubwa kuliko zote za mafuta kule, kitu ambacho kingefanywa mapema zaidi, na mapato ya serikali ya mafuta na gesi kwa mwaka mzima wa 2025 yakashuka kwa karibu robo. Ukuaji nao umeteremka kwenye asilimia 1 hivi. Mbio za sakafuni zimekaribia ukingo. Sasa unganisha: mafuta yamepungua, mfuko umepungua, kukopa nje haiwezekani, askari anataka milioni zake. Kinachobaki ni koti la yule Mrusi dukani, VAT 22. Wamepandisha ili waendelee na vita, kwa hiyo anayeisoma kama dalili ya kusimama amekosea, na anayesema hakuna kilichobadilika naye amekosea, maana mwaka 2022 vita ililipwa na mnunuzi wa mafuta wa Ulaya na leo inalipwa na mama muuza duka wa Tula ambaye kiwango cha mauzo kinachomwingiza kwenye VAT nacho kimeshushwa kutoka ruble milioni 60 mpaka 20.

Nisiruke suala la unafiki, maana likiachwa makala nzima inaonekana ya upande mmoja. Machi 2, 2022 nchi 141 zililaani uvamizi pale Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, 5 zikapinga, 35 zikajizuia, karibu nusu ya hizo zilizojizuia zikiwa za Afrika, na hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyojiunga na vikwazo. Wengi wanauliza, 2003 Marekani ilipoingia Iraq nani alimfungia akaunti? Swali halali kabisa na sina jibu la kulipamba, sheria inayomkamata mmoja na kumpigia saluti mwingine inapoteza heshima. Ila hilo ni swali la haki, halijibu swali la kama vikwazo vinafanya kazi au havifanyi, na watu wanayachanganya makusudi, wakishindwa huku wanakimbilia kule. Vilevile kuna malalamiko ya pembeni yaliyo ya kweli: Juni 2022 Macky Sall, akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alimfuata Putin Sochi na kusema vikwazo vimekwamisha nafaka na mbolea. Wazungu wakajibu chakula na mbolea havimo kwenye vikwazo. Kwenye karatasi havimo, sawa, lakini benki ikiona neno Urusi kwenye fomu inaogopa faini na kurudisha malipo yote, na mwenye meli anaogopa, na mwenye bima anaogopa, na karatasi haijawahi kushusha gunia la mbolea bandarini.

Wasomi nao walishatuonya zamani. Gary Hufbauer na wenzake walipitia visa 115 vya vikwazo vya karne iliyopita wakasema 40 vilifanikiwa, mwaka 1997 Robert Pape akavirudia vile 40 kimoja kimoja, akabaki na 5. Wanapishana kwenye maana ya kufanikiwa, ila wote wawili hawakupata kisa cha jeshi kubwa kurudi nyumbani kwa sababu raia wake walikosa bidhaa. Iraq ilipoiteka Kuwait Agosti 1990 vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilikuja siku nne tu baadaye, vikali ajabu, na Saddam alitolewa Kuwait kwa mabomu mwaka uliofuata. Vikwazo vikabaki mpaka 2003, na vilichofanya ni kuwapa serikali kadi ya mgao ya kila familia, mwenye kadi akawa ndo mwenye watu.

Kwa hiyo tuseme tumekubaliana ni ushuru. Linalofuata ni gumu zaidi na halizungumzwi kabisa, ushuru huu unakoma lini? Vikwazo vinakuwa na nguvu mezani kama unayemwekea anaamini akifanya ulichotaka vitaondoka. Asipoamini hilo atafanya hesabu rahisi tu, nikiondoka Ukraine nalipa, nikibaki nalipa, bora nibaki. Desemba 2025 Ulaya ilibishana usiku kucha kuhusu zile fedha za Urusi zilizozuiwa, ambazo nyingi ziko Euroclear, taasisi ya kutunza dhamana za fedha pale Brussels, Ubelgiji ikaogopa kushtakiwa peke yake, wakaamua kukopa wao wenyewe yuro bilioni 90 za kuipa Ukraine na fedha zile zikaendelea kukaa kifungoni. Wengi waliita uoga. Mi naona ni karata pekee iliyobaki ambayo bado inarudishika, ukishaitumia huwezi kumwahidi mtu utamrudishia.

Na Moscow wana kumbukumbu ndefu kwenye hili. Januari 1975 Marekani ilianza kutumia kifungu cha Jackson-Vanik, kikiunyima Umoja wa Kisovieti unafuu wa biashara mpaka uwaruhusu raia wake, hasa Wayahudi, wahame. Wakaja kuruhusiwa kuhama, walihama kwa mamia ya maelfu. Umoja wa Kisovieti wenyewe ukafa 1991. Kifungu kikabaki, kila mwaka kinaahirishwa na hakifutwi, sababu ya kuwepo kwake ilishazikwa. Kilifutwa kwa Urusi Desemba 2012, na sheria ileile iliyokifuta, kwenye kurasa zake hizohizo, ndo iliyoleta vikwazo vya Magnitsky, vya kuwabana maofisa wa Urusi wanaotuhumiwa kuvunja haki za binadamu.